Muulize Fundi: AC ya Dodoma iwekwe ngapi?

Mvua za kwetu zinangojwa mpaka Desemba, na wanaoijua Dodoma wanajua Oktoba na Novemba zilivyo: jua kali, upepo wa vumbi, na bati zinazolia asubuhi zikipashwa na jioni zikipoa. Ndiyo miezi ambayo barua za safu hii zinakuwa AC tupu. Safari hii nimechukua zile zinazouliza jambo moja kwa namna mbalimbali: niweke namba ngapi? Wanaosubiri majibu ya friji na pampu za maji wanivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mtumishi, nimehamishiwa huku na familia kutoka Dar, tumepanga Ilazo. Chumbani tuna AC ya BTU 12,000, ile ya kawaida, siyo inveta. Dar nilikuwa naiweka 18, na huku naiweka 18 usiku kucha. Umeme wa elfu hamsini haumalizi wiki mbili. Mke wangu anasema tuweke 26. Mimi naona 26 ni kununua feni kwa bei ya AC. Halafu jioni nikirudi nyumba inafuka joto, sasa nikiweka 26 itapoa saa ngapi? Tuamulie.

JIBU: Kaka, wifi yangu yuko sahihi. Nimeanza na hukumu, sasa nikupe sababu.

Hiyo namba ya kwenye remoti inaiambia mashine isimame wapi. Haiiambii ipooze kwa nguvu gani. Ukiweka 18, umeiambia isipumzike mpaka chumba kifike 18. Ukiweka 26, umeiambia ikifika 26 izime kompresa (ile injini ya nje inayosukuma gesi), hewa ikipanda kidogo iwashe tena. Mwendo wa kushuka kutoka 32 hadi 26 ni uleule kwa namba zote mbili, kwa hiyo jioni hupotezi hata dakika.

Mteja akinibishia, sibishani. Natoka naye nje kwenye mashine, nafungua kifuniko cha pembeni, nabana klampu, kile kipimo cha umeme, kwenye waya, tunasoma pamoja. AC kama yako itaonyesha ampia 5 hivi. Namwambia akashike remoti, chumba kikiwa bado kina 30, apandishe kutoka 18: 20, 22, 24. Klampu haitikisiki, ni 5 ileile. Apandishe zaidi mpaka namba ipite joto la chumba, ndipo unasikia "tak", kompresa inazima, na klampu inashuka, haifiki hata ampia 1. Wazee wa 18 wengi wananyamaza hapohapo. Umeme hauliwi na namba, unaliwa na muda ambao kompresa inazunguka.

Tuiweke kwa shilingi. AC yako inachukua karibu kilowati 1.1 kompresa ikiwa kazini. Kwa 18, chumba cha Ilazo chenye dari ya jipsam chini ya bati huenda kisifike 18 kabisa mpaka alfajiri, kwa hiyo kompresa haipumziki. Saa nane za namna hiyo ni yuniti 8.8. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, kodi ikiwemo, ambayo mimi naihesabu kwa shilingi 356 kwa yuniti, umelala usingizi wa shilingi 3,100. Kwa mwezi ni elfu tisini na kitu, hujagusa pasi wala friji. Kompresa ikipumzika nusu ya usiku, jambo ambalo kwa 26 katika chumba kilichofungwa vizuri ni la kawaida, unabakiza nusu ya hela hiyo.

Wenye inveta nao wasijisahau. Inveta haina hiyo ya kuwaka na kuzima. Ikikaribia namba uliyoipa inapunguza mwendo na kutambaa kwa ampia 1 au 2. Ukiipa namba ambayo chumba hakitaifikia, itakimbia kutwa, na ile faida uliyoilipia dukani umeitupa mwenyewe.

Usidhani 26 ni ubahili wa wifi. Wahindi, ambao joto lao halina utani, wanakadiria kila nyuzi moja unayopandisha inaokoa kama asilimia 6 ya umeme wa AC, na tangu 2020 AC za vyumbani kule zinatakiwa kutoka kiwandani zikiwa zimewekwa 24. Wamarekani kwa miaka mingi wamekuwa wakishauriwa na wizara yao ya nishati waweke 78 kiangazi wakiwa nyumbani. Ni 78 ya Fahrenheit hiyo, kwetu ni 25.6, yaani 26 ya wifi yako. (Kwa njia, remoti yako ikianza ghafla kuonyesha 78 usiniite. Mtoto kabonyeza akabadilisha kipimo, rudisha tu.)

Sasa sababu inayoihusu Dodoma peke yake, na hii ndiyo wanaotoka Pwani wanaikosa. Dar hewa imebeba maji. Jasho linakutoka, halikauki, unabaki unanata, na ndiyo maana mkono wako umezoea kushusha. Huku tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, na Oktoba hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Jasho linakauka kabla hujaliona. Mwili unajipoza wenyewe, unachohitaji ni upepo wa kuusaidia. Ndiyo maana hiyo feni unayoidharau ni ya maana hapa kuliko Kariakoo. Feni ya dari inakula wati 60 hivi, na ikizunguka inakuruhusu kupandisha AC kama nyuzi mbili bila ngozi yako kujua. Ila ukitoka chumbani zima feni. Feni inampoza mtu, chumba haikipozi.

Na 18 kwenye hewa kavu ina adhabu yake. AC inaondoa maji kwenye hewa, na hewa yetu haina maji ya kuondoa. Ukiamka koo limekauka na pua inauma, usikimbilie kulaumu vumbi, anza kuangalia remoti.

Kuhusu nyumba kufuka joto jioni. Nyumba ikifungwa tangu saa moja asubuhi, joto linalala kwenye kuta, kwenye dari, mpaka kwenye godoro. Ukiingia na kuwasha AC papo hapo unalipia kuondoa joto ambalo upepo ungeliondoa bure. Fungua kwanza madirisha na mlango wa nyuma, washa feni, mwachie wifi asonge ugali huku nyumba inapumua. Kwa Dodoma, saa kumi na mbili na nusu jioni hewa ya nje imeshakuwa afadhali kuliko ya ndani. Baada ya nusu saa funga, shusha pazia, weka 26 na feni mwendo wa pili.

Halafu kuna kitu ambacho Dar hukuwa nacho: usiku. Hata Novemba, ikifika alfajiri huku nje kuna 20 au chini yake. Remoti yako ina kitufe cha kupanga saa ya kuzima, wengi hawajawahi kukibonyeza. Panga izime saa nane usiku, ufungue dirisha lenye wavu, uendelee kulala. Kuilipia kompresa saa kumi alfajiri wakati nje kuna baridi ya bure, hiyo mimi siielewi.

Kama 26 inakutisha, anza na 24 wiki ya kwanza, upandishe moja moja. Usimwambie wifi kwamba ni mimi niliyekwambia.

SWALI: Dada fundi, nafanya kazi ofisi moja Mtumba, jina nalihifadhi. Tunakaa watu wengi ukumbi mmoja wenye AC tatu. Mkuu wetu ni mtu wa suti na tai, AC zote ziko 17. Meza yangu iko chini ya mojawapo, ikifika saa tatu nina sweta na kitenge juu yake. Nikipandisha, saa sita nakuta mtu keshashusha. Namba ya haki ni ngapi?

JIBU: Ni 25, kwa zote tatu. Nasisitiza zote tatu kwa sababu najua mtakachofanya: mtaafikiana mbili ziwe 25 na ile iliyo karibu na mkuu ibaki 17. Hapo ile ya 17 itabeba kazi ya wenzake wawili, itakunywa umeme peke yake, na aliyekaa chini yake ataganda wakati wa upande wa pili anajipepea na faili.

Shida yako nusu yake siyo namba. Ni yale mabawa ya plastiki mdomoni mwa AC yanayoelekeza upepo. Yameelekezwa chini, yanakumwagia baridi kichwani. Yainue yaangalie mbele, sambamba na dari. Hewa baridi ni nzito, itashuka yenyewe na kujigawa ukumbini. Kwenye remoti ni kitufe chenye alama ya mshale unaopinda, bonyeza mpaka bawa lifike juu, bonyeza tena lisimame.

Jambo jingine: kifaa kinachohisi joto kiko ndani ya AC yenyewe, juu karibu na dari, ambako hewa ni moto kuliko mezani. AC inaweza kuamini chumba kina 25 na wewe kwenye kiti una 23. Nunueni kipimajoto kidogo cha ukutani, kiwekeni katikati ya ukumbi usawa wa meza, mbali na dirisha. Nimeona ugomvi wa remoti wa muda mrefu ukiisha kwa kitu hicho, maana mtu anayesema "kuna joto" anaonyeshwa 23 na kurudi kwenye kompyuta yake.

Kuhusu suti. Mwaka 2005 serikali ya Japani ilizitaka ofisi zake ziweke 28 kiangazi, na ili watu wavumilie wakaambiwa waache tai na koti nyumbani. Sisi hata hatuhitaji kwenda Japani, kaunda suti ya mikono mifupi tunayo tangu enzi za wazee wetu, na ni vazi la heshima mpaka bungeni. Mkuu wako sitamwambia avae nini. Ila ofisini hakuna anayeiona LUKU ikishuka, na mimi naamini siku mkiibandika ukutani matumizi ya mwezi, 17 itakosa mwenyewe.

Wa mwisho kutoka azime. Ile hadithi kwamba kuiacha ikiwaka ni nafuu kuliko kuiwasha upya asubuhi siyo kweli. Usiku mzima wa kupooza viti vitupu ni ghali kuliko ile nusu saa ya asubuhi.

SWALI: Mimi niko Kisasa. AC yangu ya BTU 9,000 mwaka jana nikiweka 25 ilitosha. Mwaka huu hata nikiweka 20 chumba hakipoi, na bomba la shaba kule nje limeshika barafu. Fundi amesema gesi imeisha na kwamba ni kawaida kujaza kila mwaka. Nijaze?

JIBU: Usijaze kwanza. Barafu kwenye bomba ina wazazi wawili: gesi kidogo, au upepo kidogo. Kwa Dodoma anza na upepo, kwa sababu ni bure.

Inua kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani, chomoa filta. Kama haijaoshwa tangu kipupwe, utakuta vumbi jekundu limeshikana na nyuzi za zulia na nywele mpaka ukiinua filta juani mwanga haupiti. Hewa haipiti humo, baridi inakosa pa kwenda, inaganda kwenye mabomba. Osha kwa maji ya kawaida, ukaushe kivulini (juani plastiki inapinda, haitarudi mahali pake), rudisha. Kijitabu cha AC kinaweza kukwambia mara moja kwa mwezi, lakini aliyekiandika hajawahi kuishi Kisasa. Kuanzia Julai mpaka mvua zianze, osha kila wiki mbili.

Kisha nenda nje. Yale mapezi membamba ya aluminiamu nyuma ya mashine nayo yamejaa vumbi na nyasi. Zima umeme kwenye swichi kubwa, tumia bomba la maji la kawaida, polepole. Usiite vijana wa kuosha magari. Ile presha yao inalaza mapezi yote, na AC iliyolazwa mapezi ni sawa na aliyezibwa pua.

Angalia pia imekaa ukuta gani. Ukuta wa magharibi unajulikana, jua la saa tisa linaichoma. Unaowadanganya watu ni wa kusini. Mtu anajenga Juni, anaona upande wa kusini una kivuli siku nzima, anaitundika hapo. Lakini kuanzia mapema Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la saa sita linapita kusini mwa Dodoma, na ukuta wako wa kivuli unageuka ukuta wa jua miezi ileile unayohitaji baridi. Huna haja ya kuihamisha. Itengenezee kijibati cha kivuli, kikae juu kiasi kwamba upepo wa moto unaotoka mbele hauzibwi.

Baada ya yote hayo, kama barafu inarudi, hapo gesi imepungua. Lakini gesi ya AC haiunguzwi kama petroli. Inazunguka humohumo miaka na miaka. Ikipungua, kuna tundu. Fundi apake povu la sabuni kwenye nati za shaba, apate panapobubujika, azibe, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, ndipo ajaze kwa kupima kwenye mzani, na gesi ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. R32 na R410A hazibadilishani. Anayekuja kila Oktoba kujaza bila kutafuta tundu hajakuuzia gesi, amekukodishia.

SWALI: Nina mtoto wa wiki tatu, niko Nkuhungu. Mama mkwe hataki AC kabisa, baba yake anataka 20. Nifuate nani?

JIBU: Hongera, mama. Mambo ya afya ya mtoto muulize muuguzi wa kliniki, mimi ni fundi. Ninachojua ni kwamba Shirika la Afya Duniani linataka vyumba vya kujifungulia visishuke chini ya 25, kwa hiyo hiyo 20 ya baba mtu naona aiweke kando. Weka 26, mabawa yaangalie dari, kitanda cha mtoto kisikae kwenye njia ya upepo, na filta iwe safi kuliko ya mtu yeyote mtaani kwenu. Mama mkwe mwambie ni 26. Akiingia chumbani asipopigwa na baridi, maneno yatapungua.

SWALI: Tuko wapangaji wanne Chang'ombe, LUKU moja. Tulikuwa tunachanga 2,500 kila mmoja kwa mwezi, inatosha. Mwenzetu mmoja kaweka AC ya 9,000, sasa umeme haufiki nusu ya mwezi. Yeye anasema anaiweka 26 kwa hiyo haili umeme. Tumdai kiasi gani?

JIBU: 26 ni nafuu, lakini bure siyo. AC ya 9,000 ya kawaida inachukua kama kilowati 0.8. Tumfanyie hisani, tuseme kompresa inapumzika nusu ya usiku wa saa nane. Ni yuniti 3.2 kwa usiku, karibu 96 kwa mwezi.

Maumivu yenu yako hapa. Kwa mchango ule wa elfu kumi mlikuwa kwenye daraja la matumizi madogo, lile la yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi ambazo TANESCO wanaziuza kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Zinazozidi hapo bei yake ni 350. Kwa hiyo mwenzenu hakuongeza yuniti tu, ameitoa nyumba nzima kwenye bei ya chini. Hata taa ya jirani yake asiye na AC inaweza kuwaka kwa bei kubwa.

Msigombane kwa makadirio. Mwite fundi umeme afunge mita ndogo kwenye waya wa AC peke yake. Mwisho wa mwezi msome, yuniti zote za AC azilipe yeye kwa bei ya juu, zinazobaki mchangie wanne kama zamani. Gharama ya mita ni yake. Akikataa mita, basi hata yeye anajua inakula.

SWALI: Nina duka dogo la mvinyo wa zabibu za hapahapa, Area D. Mchana naweka AC 16 ili chupa ziwe na ubaridi mteja akishika. Usiku nafunga na kuzima. Bili inanimaliza.

JIBU: Duka lenye mlango wazi mchana wa Novemba halitafika 16 hata ukiweka AC mbili. Unapooza barabara. Na chupa inayoshuka mchana na kupanda usiku inaumia kuliko iliyokaa mahali pa vuguvugu isihangaishwe: mvinyo unatanuka na kusinyaa, kizibo kinachoka, hewa inaingia.

Weka AC 25 kwa ajili ya watu. Juu ya rafu zionyeshwe chupa chache. Akiba yote ihamie chumba cha ndani kisicho na dirisha na kisichopakana na ukuta wa magharibi, na zenye kizibo cha gome zilazwe. Za kuuza zikiwa baridi weka kwenye friji ya vioo ya ukubwa wa kadiri.

SWALI: Mbukwenyi, fundi. Niko Chamwino. AC siiwezi. Kuna jamaa anauza zile mashine zinazotumia maji, anasema zinapoza kama AC. Ni kweli au ananipiga?

JIBU: Mbukwenyi. Kama AC, hapana. Lakini kwa pande zetu hajakudanganya sana. Mashine ile inapitisha upepo kwenye sponji lenye maji, maji yanakauka na kuondoka na joto. Inategemea ukavu wa hewa, na ukavu tunao wa kuuza. Oktoba na Novemba utaona tofauti ya kweli kwa umeme usiotofautiana sana na wa feni kubwa. Angekuuzia Tanga ningesema umeibiwa.

Sharti la kwanza linawashinda wengi: usifunge chumba. AC inataka kila kitu kifungwe, hii inataka dirisha wazi ili hewa yenye unyevu itoke, la sivyo baada ya saa moja unakaa kwenye mvuke. Iweke karibu na dirisha la mashariki ivute upepo wetu wa kawaida, ufungue jingine upande wa pili. Hakuna namba ya kuweka, ina mwendo tu. Ukiona baridi imekutosha punguza.

Sharti la pili ni maji. Ndoo kadhaa kwa siku, na unajua mgao ulivyo. Maji yetu ya visima yana chumvi, sponji litashika ukoko mweupe na upepo utapungua, kwa hiyo mwaga maji yaliyobaki kila asubuhi na ulioshe sponji kila wiki. Kabla ya kulipa mwambie jamaa alichomoe ulione. Likiwa tayari lina ukoko, hiyo ni mtumba, bei ishuke. Na mvua zikianza, ukiona shuka zina unyevunyevu asubuhi, kaushe mashine uipeleke stoo mpaka msimu wa mvua upite.